Njia iliyomezwa na majani: kabla ya kushika panga, uliza kwa nini iliachwa

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Uru, mkoani Kilimanjaro, natembeza wageni kwenye maporomoko ya maji na mashamba ya kahawa. Baba yangu mkubwa anasema zamani kulikuwa na njia ya miguu iliyoanzia vihamba vya juu, yaani mashamba ya migomba na kahawa yaliyozunguka nyumba, ikavuka korongo na kutokea kwenye maporomoko mengine ng'ambo ya mto. Ni miaka mingi hakuna anayeipita. Niliingia na mwenzangu tukiwa na mapanga, tukakata asubuhi nzima, mwishowe tukashindwa kujua kama bado tuko njiani au tumeanza kuchonga ya kwetu. Nataka kuikagua vizuri kwa miguu kabla sijapeleka mgeni hata mmoja. Nianzie wapi? Niende na watu wangapi? Na je, niweke alama za rangi kwenye miti?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nimefurahi kwamba mlisimama mlipoingiwa na shaka. Wengi huendelea kukata, na msitu unabaki na jeraha jipya lisilokwenda popote.

Anzia kwa baba yako mkubwa, ila umbadilishie swali. Naona ulimwuliza njia inapita wapi. Rudi umwulize iliachwa kwa nini. Njia iliyowahi kutumiwa na kijiji kizima haiachwi bure, na mara nyingi kile kilichowafanya watu waikimbie bado kiko palepale. Ukikijua, utajua njia itakatikia wapi na wapi itakuwa nzima chini ya majani, hata kabla hujatoka nyumbani.

Upande wetu huu wa kusini wa Kilimanjaro, sababu ni chache na zinajirudia. Ya kwanza ni mpaka. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili pembezoni mwa msitu ili watu wa vihambani wapate kuni na majani ya ng'ombe pasipo kuingia msitu wenyewe. Hifadhi ya Taifa ilipoanzishwa mwaka 1973 ilianzia juu, kwenye mwinuko wa kama mita 2,700. Mwaka 2005 ikapanuliwa kuja chini, ikauchukua na msitu. Njia nyingi ambazo wazee wetu walizipita wakifuata asali na kuni zikajikuta ndani ya hifadhi, na watu wakaacha kuzipita. Njia ya aina hii kwa kawaida ni nzima, imefunikwa tu. Kinachokosekana hapo ni kibali.

Ya pili ni mto. Gogo la kuvukia likichukuliwa na maji na asitokee wa kuweka lingine, njia inakufa pande zote mbili, ingawa huku na huko ardhi iko vizuri. Yako inavuka korongo, kwa hiyo hapa ndipo ninapoweka shaka yangu kubwa. Kama ndivyo, ukaguzi wako uanzie kwenye kivuko. Pasipovukika, hakuna sababu ya kukata hata tawi moja huko mbele. Ya tatu ni udongo ulioporomoka. Hapo njia inakatika ghafla, na waliopita mwishomwisho huwa walichepuka kwa juu ya poromoko, mara chache kwa chini, kwa hiyo tafuta juu. Ya nne, mtu amepanua shamba lake akaifunga. Hapo panatakiwa mazungumzo, ikiwezekana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Ya mwisho ni njema kuliko zote: barabara ya bodaboda imefika au bomba la maji limekuja, na watu hawakuwa na haja ya kuteremka tena korongoni.

Baba yako mkubwa asiwe shahidi peke yake. Kawatafute kina mama waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe huko juu, warina asali, na mzee anayesimamia mfereji wa eneo lenu, meni mfongo kama bado mnaye. Hawa ndio waliopita kila wiki. Na usiwaulize "njia ipo?" Mzee mstaarabu hatakukatisha tamaa, atakuambia ipo. Mwombe akutembeze kwa maneno: mkitoka hapa, mto mnausikia upande gani? Mnatua mizigo wapi? Maji ya kunywa mnachota wapi? Wapi mlikuwa mnaogopa mvua? Pa kutua mizigo pana thamani kubwa, kwa sababu ni tambarare na pamekanyagwa sana, hata baada ya miaka ishirini panaonekana. Andika kwa mfuatano. Kisha msikilize mzee mwingine kando, bila kumwambia alichosema wa kwanza. Wanapokubaliana, hapo ni mahali pa kushikilia. Wanapopishana, usidhani mmoja kasahau: yawezekana njia ilikuwa na matawi mawili, au ilihama.

Sasa kibali, na hapa sina mzaha. Kabla hujaingia tena, nenda ofisi ya kijiji umweleze mtendaji unataka kufanya nini, upate barua. Kisha ujue mpaka wa hifadhi uko wapi hasa. Sehemu yoyote ya njia iliyo ndani ni ya KINAPA, wasimamizi wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na kuingia bila idhini yao ni kosa, hata kama babu yako ndiye aliyeichonga. Nimeona vijana wakisema "sisi ni wenyeji" kana kwamba hicho ni kibali. Sicho. Upande mwingine wa sarafu, ukienda mapema na karatasi yako na mchoro wako, askari wa hifadhi wanaweza kuwa msaada mkubwa: wanaujua msitu, wanajua wapi majangili wametega tanzi za waya na wapi mbao zinaibwa.

Ukiwa nyumbani, pata ramani ya 1:50,000 inayotolewa na idara ya serikali ya upimaji na ramani. Sentimita mbili ni kilomita moja. Baadhi ya njia za zamani zimechorwa humo, kwa sababu ramani zenyewe ni za zamani. Angalia kontua, mistari inayoonyesha mwinuko: zinapobanana korongoni, jua hapo wazee hawakupita moja kwa moja, walizunguka. Picha za satelaiti kwenye simu hazitakuonyesha njia chini ya miti mikubwa, zinaonyesha vichwa vya miti tu, lakini zitakuonyesha mahali vihamba vinapoishia, makovu ya udongo ulioporomoka, na migongo ya mlima iliyo kati ya mto na mto.

Nije kwenye jambo lililowashinda, kuitambua njia ukiwa juu yake.

Majani yanadanganya, ardhi haidanganyi. Njia iliyokata mteremko imechimbwa upande wa juu na kujazwa upande wa chini, ikabaki kama benchi nyembamba. Benchi hilo linadumu miaka mingi baada ya mtu wa mwisho kupita. Ukisimama huoni kitu ila kijani. Piga goti, uangalie kwa usawa wa kiuno cha mtoto, chini ya majani mapana, na mara nyingi utaona uwazi mrefu unaoendelea mbele. Kisha tumia fimbo. Udongo wetu huu wa volkano ni mwororo na umejaa majani yaliyooza, ukichoma fimbo pembeni inazama bila taabu. Ukichoma mahali palipokanyagwa na vizazi, inagonga. Choma kushoto, katikati, kulia, hatua kwa hatua, na mkono wako utaizoea tofauti hiyo haraka kuliko jicho.

Jambo la pili linawashangaza wengi: kichaka kizito kuliko vyote mara nyingi ndiyo njia yenyewe. Njia ilipokuwa wazi iliruhusu mwanga kufika chini, na ilipoachwa, miiba, kangaga na kila mmea unaopenda jua ukakimbilia hapo. Mkaguzi anakutana na ukuta wa miiba, anaukwepa kwa kupita chini ya miti mikubwa ambako ni kweupe na pa raha, na hapo ndipo anapoipoteza. Kwa maelezo yako, naamini hiki ndicho kilichowapata. Ukiona ukanda mwembamba wa vurugu unaokwenda mbele katikati ya msitu uliotulia, ufuate kwa pembeni, ukirudi kila baada ya hatua chache kuchoma fimbo katikati yake.

Angalia pia miti. Katikati ya njia ya zamani hutakuta mti mkongwe. Utakuta michanga, karibu yote ya rika moja. Pembeni tafuta makovu ya panga: mkato wa mshazari, kwenye urefu wa kiuno hadi bega, uliokwisha kupona na kuchipua vitawi viwili vitatu. Mnyama havunji tawi namna hiyo. Tafuta mimea ya watu. Sale, mmea ambao Wachagga huupanda mipakani, halioti porini lenyewe kwa mstari. Ukikuta masale mawili matatu yamepangana, hapo palikuwa na mpaka, na penye mpaka watu walipita. Mgomba peke yake msituni una habari yake. Msesewe, mti ambao gome lake hutiwa kwenye mbege, pombe ya ndizi, ukiwa umechunwa gome maana yake mtu wa mbege alifika, na kama kovu ni bichi, ujue kuna njia hai karibu ambayo bado hujaiona.

Kuna njia tatu za uongo. Ya kwanza, na ndiyo hatari zaidi huku Uchagani, ni mfereji mkavu. Mfereji ulioachwa una benchi, una ukingo, unakwenda mbele vizuri, kila alama niliyokutajia unayo. Utautambua kwa jambo moja: haupandi. Unashika usawa karibu uleule mita mia baada ya mia, ukiteremka kidogo tu kwa ajili ya maji, na ukingo wake wa chini umeinuka kama mdomo wa bakuli. Njia ya watu hupanda, hushuka, hukata kona. Tofauti nyingine iko kwenye vijito: mfereji huvuka kwa juu, zamani kwa gogo lililochongwa, wakati njia hushuka mpaka kwenye mawe. Lakini usiudharau. Wasafishaji wa mfereji walihitaji pa kupita, kwa hiyo kandokando yake kunaweza kuwa na njia halali, na mwisho wake wa juu, kwenye banio la mto, pale maji yanapogeuzwa kuingia mfereji, ni mahali ambapo karibu kila mzee atapakumbuka.

Ya pili ni njia ya wapasua mbao. Ni pana, inavutia, imenyooka, na inaishia kwenye shimo la kupasulia magogo au kwenye kisiki kilichooza cha mkulo, mti wa mbao. Ikifika hapo ikafa, usiilazimishe mbele. Ya tatu ni njia ya wanyama. Jipime kwa kichwa: pongo na minde, swala wadogo wa msituni, wanapita chini ya matawi yanayokugonga kifuani. Hapa najiuliza kila mara swali moja: je, mama mwenye mzigo wa majani kichwani angepita hapa? Mzigo unahitaji nafasi juu, unahitaji mteremko wa kuvumilika, na hauwezi kuinama chini ya gogo kila hatua kumi. Jibu likiwa hapana, umeshatoka.

Ukiipoteza, simama. Mmoja abaki ameshika mahali pa mwisho penye uhakika, asisogee hata hatua. Wengine watafute kwa nusu duara mbele yake, wasizidi umbali ambao sauti ya kawaida inasikika, maana kelele za mto humeza sauti upesi. Msipoipata, rudini wote kwake muangalie nyuma mlikotoka. Mara nyingi njia ilikata kona kali kabla ya pale mlipodhani.

Hilo linanileta kwenye idadi ya watu. Wawili ni wachache mno. Mmoja akiteguka kifundo, wa pili ama abaki msaada usije, ama aende mgonjwa abaki peke yake. Wasiwe chini ya watatu. Wanne ni vizuri. Wa mbele asome ardhi, asishike panga, kwa sababu mwenye panga huangalia tawi lililo mbele ya uso wake na kusahau miguu. Wa pili akate kidogo sana. Wa mwisho kazi yake ni kugeuka nyuma, kupiga picha za kila njia panda kwa upande wa kurudi, na kuangalia saa.

Saa ni mkubwa wa msafara. Njia safi mtu hutembea kilomita nne au tano kwa saa. Kwenye njia iliyofungwa, panga kilomita moja, na kwenye korongo pungufu ya hapo. Ingieni saa moja asubuhi. Ifikapo saa sita mchana, popote mlipo, geukeni, hata kama mnayasikia maporomoko. Upande huu wa mlima mawingu hupanda mchana, ukungu ukishuka huoni mita kumi, na ndani ya msitu giza linaingia kabla ya saa kumi na mbili jioni kutimia. Siku ya kwanza siihesabu kwa kufika. Naihesabu kwa vipande vya njia ambavyo sasa vina uhakika, na mahali palipobaki na swali.

Mto nao uuheshimu. Katikati ya ukanda wa msitu wa kusini mvua kwa mwaka hupita milimita 2,000, na inaweza kunyesha huko juu wakati Moshi mjini jua linawaka. Maji yakibadilika rangi, yakianza kuleta majani na vijiti, toka korongoni upande ulipo, usikimbilie kuvuka. Yakizidi magoti, usivuke kabisa.

Wanyama kwa upande wenu hawanitishi sana: mbega, kima, perere anayelia usiku. Siafu na nyuki ndio watakaowasumbua, kwa hiyo manukato muyaache nyumbani, na mzinga mkiuona mzunguke mbali. Kwa nyoka, hasa kifutu anayelala kwenye majani makavu bila kukimbia, vaa gambuti au buti ndefu na utangulize fimbo. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisichezeshwe, apelekwe hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi. Hakuna kuchanja, kunyonya wala kufunga kamba ya kukaza. Wasomaji wa Arusha, tafadhali msiyahamishie haya Mlima Meru. Kule kuna nyati na tembo kwenye njia zenyewe, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha matembezi ya mlima hufanywa mkiongozana na askari mwenye silaha. Njia iliyofungwa na majani yenye nyati ndani yake si ya kukagua bila mtu huyo.

Vifaa ni vya kawaida: koti la mvua, sweta kavu ndani ya mfuko wa plastiki, tochi ya kichwani kwa kila mtu, filimbi, bandeji, maji, chakula cha siku moja na nusu, dira. Simu iwashwe kurekodi njia toka mnapoanza, ramani iwe imeshapakuliwa, na pawabenki iwe imejaa. Lakini ndani ya korongo na chini ya miti mikubwa GPS huruka makumi ya mita, kwa hiyo daftari na penseli ndivyo vyenye neno la mwisho. Andika saa, mwinuko, na kitu kisichohama: jiwe kubwa lenye ufa, maungano ya vijito, banio. Dira haitakusumbua, maana huku kwetu kaskazini ya dira na ya ramani zinakaribiana sana.

Rangi kwenye miti, hapana. Ndani ya hifadhi usiguse mti, na hata nje ya hifadhi rangi inadumu kuliko uhakika wako. Ukikosea, alama yako itampoteza mwingine miaka mitano baadaye. Tumieni vipande vya kitambaa chenye rangi kali, mkivifunga wakati wa kwenda na kuvifungua vyote wakati wa kurudi, isipokuwa kama mnarudi wiki hiyohiyo na mtendaji anajua. Kukata nako kuwe hivyohivyo: mwanzoni kata tu kinachozuia mtu kupita salama. Mstari mpya kwenye mteremko mkali huwa mfereji wa mvua masika ya kwanza tu, na unawafungulia mlango wezi wa mbao.

Safari ya pili ingieni kwa upande wa ng'ambo, mje kuelekea nyumbani. Tawi linaloungana na njia kutoka nyuma yako hulioni unapopanda. Ukija kwa upande wa pili linakuwa njia panda mbele ya macho yako. Mgeni asiingie mpaka njia imepitwa mwanzo hadi mwisho pande zote mbili, mara moja wakati wa ukavu na mara moja baada ya mvua, na muwe mmeshajua sehemu mbili ambako mgonjwa anaweza kutolewa mpaka barabara ya gari.

Kwa majira, kuanzia Machi mpaka Mei usiende kabisa. Tumia masika haya kukaa na wazee, kupata barua ya kijiji na kuonana na KINAPA. Mwishoni mwa Juni ardhi imeanza kukauka na mito imeshuka. Anza na kivuko, na kama ukikuta hakivukiki, nitumie picha zake pande zote mbili tuangalie kama wazee walikuwa na kivuko cha pili juu zaidi.